Samaki Waliovaa Hereni

Sisi wataalamu wa samaki tukiulizwa kwa nini tunakwenda kuongea na wanafunzi, tunajibu kwa sauti ya mgeni rasmi: kuwajengea watoto ari ya sayansi. Uongo mtupu. Mwenzangu mmoja pale ofisini Musoma anakwenda kwa sababu shuleni wanamwita dokta bila kukumbushwa, jambo ambalo mke wake kule Kamunyonge amelikataa katakata. Mimi nilikwenda kwa sababu ya plastiki.

Nilikuwa nimewatia alama sato mia tatu, kila mmoja kipande cha plastiki chenye namba mgongoni, kisha nikawaachia ziwani. Mvuvi akimpata mmoja, ale samaki wake kwa amani, aniletee ile plastiki na kuniambia alimvua wapi, lini, na alikuwa na urefu gani. Mimi nampa fulana. Hivyo tungejua sato wanatembea hadi wapi na wanakua kwa kasi gani. Mwezi wa kwanza zilirudi mbili. Mkuu wangu akazitazama mezani, akaniambia zisipofika angalau thelathini kabla ya Desemba, utafiti unafungwa, na mkataba wangu nao unakwenda na maji.

Wavuvi hawakunipenda. Mtu wa ofisi akionekana mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kila mwenye kokoro, ule wavu uliopigwa marufuku, anakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Nikaona njia ni moja: nipitie kwa watoto wao.

Basi nikasimama mbele ya Darasa la Sita katika shule ya kijiji kimoja cha rasini, nje ya Musoma. Nilitafuta neno rahisi la ile plastiki. Sasa, mimi ni mtoto wa Butiama, nimekulia kwenye ng'ombe. Ulimi wangu ukipotelewa na neno, unakwenda kulitafuta zizini.

“Mnazijua zile hereni wanazovalishwa ng'ombe masikioni?”

“Ndiyo, madam!”

“Na mimi samaki wangu nimewavalisha hereni. Waambieni wazazi, samaki mwenye hereni ni wangu, namtafuta!”

Walinipigia makofi mpaka nikajiona waziri. Nilirudi kwangu Bweri nimekaa nyuma ya bodaboda nikitabasamu peke yangu kama aliyeposwa.

Baada ya hotuba ile, haikurudi hata plastiki moja. Wiki ya tatu hakuna, wiki ya sita hakuna. Nikashuka mwaloni. Safari hii hakuna aliyekimbia. Walinisalimia kwa heshima iliyonitisha, na mzee mmoja akaniambia, “Samaki zako hazijambo, mama. Jana tumeiona moja, imenona kweli.”

“Iko wapi?”

“Si tumeiacha iende zake.”

Nilidhani ananitania. Nilipanda shuleni nikiwa nimefura, nikamweleza mwalimu wa sayansi. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

“Dokta, huku Mara unasema samaki ana hereni na ana mwenyewe, halafu unategemea mtu amtie kwenye sufuria? Watoto walifikisha ujumbe sawasawa. Ng'ombe wa mtu ukikutwa naye, utaeleza nini? Sasa samaki zako wakizinasa, wanazirudishaga majini mbio mbio, kabla mtu hajapita.”

Kumbe wale waliokuwa wakinikwepa kwa sababu ya kokoro walikuwa wakinilindia mifugo yangu ziwani. Nilijilaumu, kisha nikamlaumu mwalimu, kisha ng'ombe wote wa Butiama. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Desemba ifike.

Nikaomba kuongea na Darasa la Sita tena. Safari hii sikuleta hotuba. Niliwaambia nilikosea, kwamba samaki wa ziwani hana mwenyewe, kwamba wamle, nami nataka plastiki tu, na kwamba nisipoipata nitapoteza kazi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

“Madam, kwa hiyo hutamshtaki mtu?”

“Simshtaki mtu.”

Akatazamana na wenzake, kisha akatoa daftari kwenye begi. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Tarehe, namba ya samaki, aliponaswa, urefu kwa sentimita, na majina ya mashahidi wawili. Mistari arobaini na zaidi.

“Tulikuwaga tunaandika kila ile iliyorudishwa,” akasema. “Ili ukija kusema baba ameiba samaki yako, tukuonyeshe aliirudisha ikiwa nzima.”

Nikainama kuisoma. Plastiki moja hunipa habari za samaki mara moja tu, kwa sababu ameshaliwa. Hapa palikuwa na sato aliyenaswa mara tatu, mara ya mwisho upande wa pili wa rasi, na kila mara amerefuka. Ofisini hatujawahi kupata kitu cha namna hiyo.

“Nani aliwafundisha kuandika hivi?”

“Hakuna, madam. Tuliogopa.”

Niliona aibu, na papo hapo nilifurahi kiasi cha kutaka kumbeba. Nilikuwa nimewatumia watoto hawa kama bahasha ya kupelekea barua, wakati kazi yenyewe walikuwa wakiifanya wao. Nikamwomba anipe lile daftari.

“Hapana, madam,” akasema kwa adabu zote. “Ukiondoka nalo, ushahidi wetu utakuwa wapi? Andikia hapa hapa.”

Nikajibana kwenye dawati lao, magoti karibu na kidevu, nikaanza kunakili. Yeye alisimama begani kwangu akifuata mstari kwa kidole, na kwenye mstari wa tisa akanisimamisha.

“Hiyo ni moja, madam, siyo saba. Futa.”

Nikafuta.