Nani Anachukua Maboga ya Baba Thuso?

Umewahi kuibiwa huku mlango uko wazi, miguu unayo yote miwili, mdomo unao, na bado ukakaa kitako ukimwangalia mwizi amalize kazi yake?

Mimi yalinikuta. Sikuwa mgonjwa wala sikufungwa kamba.

Nilikuwa nimevaa nyeusi.

Naitwa Mathuso. Kwetu ni huku milimani Lesotho, mahali ambapo kipupwe kikiingia hata kuku wanafikiria mara mbili kabla ya kutoka nje. Mume wangu, Baba Thuso, alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Maboga aliyoyapanda kwa mkono wake ndiyo kwanza yalikuwa yametoa majani mawili mawili.

Tukamzika. Maboga yakaendelea kutambaa kama hayajasikia habari.

Na mwaka ule yalizaa kwa fujo, jamani. Ya kijivu, ngozi ngumu, mengine huyabebi bila kupumzika njiani. Boga la namna hiyo ukilivuna na kikonyo chake ukaliweka juu ya paa, unakula kipupwe chote. Unalipika na unga wa mahindi, mtoto anashiba, maisha yanasonga.

Ila likipigwa na barafu ya alfajiri likiwa shambani, imekula kwako. Linalainika, linatoa maji, linaoza.

Sasa sikia mila ya kijijini kwetu.

Mjane akiwa amevaa nyeusi haingii bustanini. Hatoki nje kabla jua halijagonga paa. Hapazi sauti. Akikanyaga mazao, kijiji kinapigwa mvua ya mawe, na yeye mwenyewe radi inamtafuta popote alipo. Mtoto wa marehemu ni hivyo hivyo, na mama aliyemzaa marehemu ni hivyo hivyo. Jirani naye asiguse, maana atabeba msiba wetu aupeleke kwake.

Mnasubiri mwanaume wa ukoo. Anakuja, anachinja kondoo, anawavua nyeusi, anakata boga la kwanza. Baada ya hapo ndipo mnavuna.

Mwanaume wa ukoo aliyebaki alikuwa mmoja tu, shemeji yangu Molefi. Na Molefi yuko mgodini, Afrika Kusini.

Nikampigia.

"Shemeji, majani ya pichi yameshapukutika. Barafu iko mlangoni. Unakuja lini?"

"Vumilia kidogo, shemeji. Bosi kaninyima ruhusa."

"Hata siku moja tu? Ukate boga moja urudi?"

"Sasa unadhani huu mgodi ni wa baba yangu? Nitakuja, nimesema."

Akakata simu. Nikabaki naitazama kama itajuta yenyewe.

Sasa nikuambie kuhusu mama mkwe wangu. Anaitwa Mamosa, yaani mama wa Mosa, na Mosa ndiye huyo huyo Baba Thuso, mtoto wake wa kwanza. Nyumba yake na yangu zinatazamana, ua ni mmoja. Naye alikuwa kwenye nyeusi kama mimi, ila yeye alijipa na cheo. Alikuwa polisi wa msiba.

Nikisogea ukingoni mwa ua tu, nasikia kutoka dirishani:

"Mathuso! Huo mguu unaenda wapi?"

"Naangalia tu, mama."

"Angalia kwa macho. Macho hayana vidole."

Thuso, mwanangu, ana miaka mitatu. Siku moja alikimbilia majani ya maboga akimfuata kipepeo. Bibi yake alimdaka kwa nguo, akamchapa kofi la matako, halafu akamkumbatia akilia kuliko mtoto mwenyewe. Nilimwona mkali kupita kiasi. Nilimchukia kidogo, sitakuficha.

Basi, asubuhi moja jua limegonga paa, natoka, natupa macho bustanini.

Boga kubwa la karibu na ukuta halipo.

Nikadhani naota. Kesho yake likaondoka lingine. Keshokutwa mawili.

Yale ndiyo chakula cha mwanangu, na mtu anakuja kujichukulia kama dukani kwa mjomba wake! Na mimi siwezi kuingia kutazama nyayo, siwezi kupiga yowe. Nikalia kimya kimya, machozi ndiyo pekee niliyoruhusiwa.

Jirani yetu, Baba Sekhobe, alipita akanikuta hivyo. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akaenda ukutani, akachungulia bila kugusa.

"Mwizi wako ana adabu," akasema. "Anakata kwa kisu, taratibu. Hata majani hajavunja."

"Adabu inanisaidia nini, Baba Sekhobe?"

"Haikusaidii kitu. Sisi kuvuna haturuhusiwi, lakini kukamata mwizi nani kakataza? Kesho alfajiri tutamvizia mimi na wenzangu. Atajuta kuzaliwa."

Mama mkwe wangu alikuwa amelala mchana ule. Alikuwa analala sana siku hizo, anasema mgongo. Sikumwamsha kumwambia. Ningemwamsha anigombeze bure?

Alfajiri ikafika. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Nikasimama kwenye kizingiti, mlango nimeufungua kiasi cha jicho. Nyuma ya ukuta wa mawe naona kofia za Baba Sekhobe na wenzake, na fimbo zao.

Kikatokea kivuli. Kimejifunika blanketi mpaka kichwani. Kinatembea kimeinama, hatua fupi fupi, kinasimama kupumzika, kinashika kiuno.

Ule mkono kiunoni!

Kila asubuhi tangu niolewe nimeuona ule mkono ukishika kiuno vile vile, mwenyewe akienda kuwasha moto.

Kina Baba Sekhobe wameshaanza kunyanyuka, fimbo juu. Kutoka siwezi, jua bado. Kupiga kelele siwezi. Lakini ile fimbo ikishuka kwenye mgongo ule, tutazika tena.

"Mama! Baba Sekhobe, ni mama!"

Sauti ilitoka yenyewe. Sijui ilitoka wapi.

Fimbo zikasimama hewani. Blanketi likateleza. Na pale katikati ya maboga, na nguo yake nyeusi, amesimama Mamosa, kisu mkononi.

Nikajua leo kimenuka.

Yeye ndiye aliyeanza, tena akanigeukia mimi:

"Mjinga wewe! Nani kakuambia upige kelele? Si ningesema ni mzee tu kapotea njia?"

"Mama Mamosa," Baba Sekhobe akasema, "wewe tena? Wewe unayetufundisha wote?"

"Mmeniona?"

"Tumekuona, mama."

"Basi nimeshaonekana. Niacheni nimalize. Adhabu ni moja, nichukue moja au nichukue yote."

Akainama akakata boga.

Nilikuwa nimeshainua mguu kuvuka kizingiti nikamsaidie. Akaniona.

"Urudishe huo mguu!"

"Mama, ni mazito—"

"Nimesema urudishe! Wewe una mtoto wa kulea. Sauti yako wamesikia wanaume hawa tu, nao watasahau. Sivyo, Baba Sekhobe?"

Baba Sekhobe akatazama chini. "Sisi hatujasikia sauti yoyote."

"Umesikia? Kaa hapo hapo. Ukiingia hapa na wewe, mimi nitakuwa nimefanya nini? Nimechezea umande tu?"

Nikarudisha mguu.

Jamani, sijawahi kuona asubuhi ndefu kama ile. Jua likapanda. Watu wakaja wakajipanga ukutani, kijiji karibu kizima, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunyoosha mkono, maana kugusa ni kubeba msiba. Wanaume wenye vifua vipana wamekunja mikono. Wanawake wanafuta macho kwa pembe za mablanketi. Na bibi kizee mmoja, mgongo umepinda, anakata boga, analikumbatia kifuani kama mtoto, analipeleka nyumbani kwake, anarudi. Anakaa chini, anapumua, ananyanyuka.

Lililomshinda alilivingirisha kwa mguu. Mtu mmoja akataka kucheka, mkewe akamkanyaga.

Chifu wetu ni mwanamke. Alifika, akasimama na wengine, akasubiri mpaka boga la mwisho likaingia ndani. Ndipo akasema:

"Mamosa, unajua ninachotakiwa kusema."

"Kiseme, mwanangu. Kazi yako hiyo."

"Msiba wako unaanza upya. Unyolewe nywele tena. Nyeusi yako utaivaa mpaka mavuno yajayo."

"Sawa."

"Na radi ni yako mwenyewe, kijiji hakimo."

"Sawa. Umesema vizuri. Nenda ukanywe uji, kuna baridi."

Barafu ikashuka usiku wa siku ile ile. Asubuhi bustani yote ilikuwa nyeusi, majani yamenyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Hakuna ambacho kingepona.

Molefi alikuja katikati ya kipupwe na kondoo wake. Alituvua nyeusi mimi na Thuso. Mama mkwe akabaki peke yake na nyeusi yake mpya, akitugawia nyama.

Kipupwe kile hatukulala njaa hata siku moja. Mama mkwe alipika boga kwa kila namna ijulikanayo. La unga, la maharage, vipande vilivyokaushwa kwenye kamba akavirudishia uhai kwa maji ya moto na mafuta kidogo. Thuso alinenepa mashavu.

Lakini yeye hakula. Kila jioni sahani zetu zina boga, yake ina uji mchachu wa mtama.

"Mama, onja basi. Wewe ndiye uliyeyavuna."

"Vya bustani ile siruhusiwi."

"Mama, si uliingia?"

"Niliingia kwa sababu mtoto hana chakula. Mimi njaa yangu ina uji. Unataka nivunje mila kwa ajili ya ulafi?"

Nikacheka. Nikadhani ni utani wake wa kizee. Maana mimi nilikuwa nimeshajijibu moyoni: bibi huyu mila haiamini. Amezika mume, amezika mtoto, amekuwa sugu, ameona ni maneno tu. Nikamwona shujaa wa aina hiyo, na nikajisikia mwerevu kwa kumwelewa.

Kumbe sikuelewa kitu.

Mvua za kwanza zilirudi mwezi wa kumi. Wingu zito likapanda kutoka mlimani, ngurumo ya kwanza ikapiga, vyombo vikatikisika. Nikaita, "Mama!" Hakuitika. Nyumbani kwake hayupo.

Nikamkuta mbali, nyuma ya zizi, juu ya jiwe tupu lisilo na mti wala kibanda. Amekaa kitako, blanketi kichwani. Anatetemeka mwili mzima, na haikuwa baridi.

"Mama, ingia ndani! Radi hiyo!"

"Usinisogelee!"

"Mama, tafadhali—"

"Mathuso, simama hapo. Ikija, initafute huku. Isinifuate nyumbani ikakukuteni." Meno yalikuwa yanagongana. "Thuso yuko ndani?"

"Yuko ndani, mama."

"Nenda kafunge mlango, basi. Kaa naye."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye matope.

Aliamini. Aliamini neno kwa neno, kuliko chifu, kuliko sisi wote. Alfajiri zile zote alizokuwa akiingia bustanini na kisu chake, alijua kabisa kwamba anajiandikia kifo. Akaenda. Akarudi tena kesho yake. Halafu akahesabu maisha yaliyombaki kuwa ni ya kukaa mbali na sisi kila wingu linapotanda.

Nimejaribu kila kitu. Nimebembeleza, nimenuna, nimemwita Molefi kwa simu aseme naye, nimemwomba chifu amwambie yameisha. Anasikiliza, anaitikia kwa heshima, na ngurumo ikipiga anachukua blanketi lake. Siku moja nilimfuata nikakaa naye pale jiweni. Alilia mpaka nikaondoka mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma, nililopata ni hili. Anayevunja mila asiyoiogopa hajatoa kitu, amejifurahisha tu. Mwangalie yule anayeiogopa mpaka anatetemeka, na bado akaivunja kwa ajili ya mtoto wako. Huyo usimwite mkali, wala usijifanye umemwelewa. Deni lake hulilipi.

Ninapoandika haya ni mchana, lakini kumekuwa giza. Thuso ananiuliza bibi yuko wapi.

Nimefunga mlango, kama alivyoniambia.