Mkosi wa Kaunta ya Dirishani

Mimi ni mwanamke wa Mbeya, fundi wa mitandao ya kompyuta, na mdomo wangu haujui kufungwa. Wanaonijua wameshazoea. Mwenye duka la pembejeo alinipigia simu kwa sababu tawi lake la Iringa lilikuwa na kaunta inayogoma, na hakuzungukazunguka. "Dada, nenda kaangalie. Ukikuta mashine ni nzima, basi tatizo ni yule mama anayekaa hapo. Ijumaa namwondoa."

Nilimkuta yule mama mwisho wa ukumbi, kaunta ya dirishani, sweta juu ya kitenge, maana Iringa asubuhi baridi haina mzaha. "Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe. Foleni za wenzake zilijaa wakulima waliotoka Kilolo kutafuta mbolea na mbegu. Kwake hapakuwa na mtu. Mzee mmoja alipotaka kusogea, mwenzake akamvuta koti: "Hapo utalala, shauri yako."

Mashine yake ilikuwa ikiganda asubuhi. Walishabadilisha waya, kibodi, hata kompyuta yenyewe, na bado. Dada wa kaunta ya jirani alinieleza yaliyobaki huku anatafuna karanga, tena bila kupunguza sauti. "Huyu ana mkosi. Kazika mume, mwaka uliofuata kazika mtoto. Tulimweka mtu mwingine pale mchana, mashine ikaenda vizuri kabisa. Sasa hapo unataka ushahidi gani?"

"Na asubuhi, mlimweka nani?" nikauliza.

Hakuna. Hakuna aliyekubali kubadilishana naye kaunta asubuhi, wakati ndiyo saa inayogoma. Nilipoinama kwenye skrini yake nikaona inang'aa kwa mafuta. Mtu alikuwa ameipaka mafuta ya upako, eti kufukuza mkosi.

"Jamani! Mnapaka mafuta kompyuta? Kwani ni chapati?"

Walicheka. Yule mama hakucheka. Alinitazama tu, nikaona aibu kwamba nimewachekesha mbele yake.

Kwenye mkoba wangu kuna kiboksi cha chuma kinachoenea kiganjani. Sisi mafundi tunakiita tapu. Unachomoa waya unaotoka kwenye kompyuta kwenda ukutani, unakiweka katikati. Mawasiliano yanaendelea kupita kama kawaida, ila nakala ya kila kinachopita inaingia kwenye laptop yangu. Kiboksi hakijui nani mjane na nani bwana harusi. Ndiyo maana nakipenda kuliko binadamu wengi.

Nikakaa naye. Mwanzoni mashine ilikwenda vizuri, nikaanza kuogopa. Isipogoma mbele yangu nitamwambia nini mwenye duka? Kwamba mashine ni nzima? Hapo ndipo ikaganda, yule mama akashusha pumzi, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Kwenye laptop mambo yalikuwa wazi. Kila kifaa kwenye mtandao kina namba yake, na majibu huifuata namba hiyo. Kompyuta ya mama, ambayo hata ilipobadilishwa ilipewa namba ile ile ya kaunta, ilikuwa inauliza bei ya mbolea na jibu halirudi, huku kifaa kingine humo humo ndani kikitangaza kwenye waya kwamba namba ile ni ya kwake. Tangazo lilibeba hata alama ya kiwanda kilichokitengeneza. Kilikuwa kiwanda cha televisheni.

Televisheni! Kwenye duka la mbolea! Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja bila kubisha hodi. Bwana mkubwa alikuwa ameegemea kiti, anatazama marudio ya mpira kwenye televisheni pana kama mlango. Shemeji yake ndiye aliyeiunganisha na mtandao, akaipa namba iliyomjia kichwani, nayo ikawa ile ile ya mama. Asubuhi akiiwasha, mama anakwama. Mchana anaizima, anakwenda ghalani kusimamia malori, na mashine inapona. Ndiyo saa waliyomjaribu mtu mwingine.

Nilimweleza. Akacheka. "Kumbe ka-TV tu!"

"Ka-TV tu, na mtu alikuwa anafukuzwa kazi kwa ajili yake."

Nikabadilisha namba ya televisheni, mashine ya mama ikaamka palepale. Nikampigia mwenye duka, akasema basi, mama abaki. Lakini hilo halikunitosha. Nilitaka wote wasikie. Meneja akakataa kusema mwenyewe, eti mimi ndiye mtaalamu. Walipopata nafasi ya chakula nikawakusanya, nikawaeleza kama watoto: ni sawa na watu wawili wenye jina moja zahanatini, likiitwa jina, mmoja anawahi kuinuka na kuchukua dawa ya mwenzake. Wakaitikia kwa vichwa. Wameelewa, nikajua wameelewa.

Kisha yule wa karanga akasema, kwa upole kabisa, "Dada fundi, tumekusikia. Ila kaunta ziko nne. Kwa nini televisheni iende kuangukia namba ya kwake?"

"Ingeweza kuangukia yoyote!"

"Lakini imeangukia yake."

Na meneja, mwenye televisheni, akaitikia kwa kichwa. Nilipandwa na hasira. Niliwaambia maneno ambayo mama yangu mzazi asingependa kuyasikia. Wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kula.

Yule mama alinisindikiza mpaka getini, amebeba mkoba wangu kwa lazima, hataki niubebe mwenyewe. Nikamwambia asiwajali, kazi yake iko salama, mwenye duka kasema.

"Nimesikia, mwanangu. Umenipigania, Mungu akuzidishie. Ila Ijumaa nitaondoka mwenyewe."

"Kwa nini, mama? Si umeona ni televisheni?"

"Nimeona. Ila katika namba zote zile, ikaja kwangu." Akatazama chini. "Leo ni mashine. Kesho akiumia mtoto wa mtu, je?"

Nikanyoosha mkono kumuaga. Akaweka mkoba chini mbele yangu, akaificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Mikono hiyo ndiyo inayokulisha, mwanangu, nisije nikaiambukiza mkosi. Nenda salama."