Pua ya Fundi wa Karabai

Kaka yangu ni fundi wa majiko ya pampu na taa za karabai za zamani, zile za shaba ambazo watu huzifukua stoo wakigawana vitu vya marehemu. Chumba cha kazi tunagawana: upande wa mlango cherehani yangu, upande wa dirisha meza yake. Mpe jiko lililokaa miaka thelathini bila kuwaka, atakutajia ugonjwa wake hata hujakaa. Moto wa njano? Tundu limeziba. Pampu haisukumi? Ngozi yake imekauka, iloweke mafuta. Na kabla ya kuwasha chochote, lazima afungue tangi, anuse, afumbe macho, aseme, "Mafuta ya taa, safi." Wateja wakambandika jina la Pua. Mimi nilikuwa namcheka tu, mtu mzima anavyojishaua.

Juzi asubuhi nilitoka kununua uzi. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Petroli! Kaka ameinamia jiko la mteja, tangi kashalijaza upepo, njiti mkononi.

"Kaka, usiwashe!"

Nilimpiga mkono, kiberiti kikaruka chini ya cherehani. Tangu nizaliwe sijawahi kumpiga kaka yangu.

"Una wazimu?"

"Hiyo petroli! Muuzaji kakosea dumu. Ingetulipukia hapa hapa!"

Nilingoja anifokee, maana kwenye kazi yake haambiliki. Badala yake alilitazama dumu, kisha akageukia mlango.

"Nimejaza na jiko la Mama," akasema. "Kalichukua sasa hivi."

Mama anakaa mtaa wa pili. Tulitoka mbio, yeye na aproni yake yenye masizi, mimi na tepu ya kupimia shingoni.

Tulimkuta mlangoni, mzima, mikono kiunoni. Jiko lilikuwa uani, kizibo kimefunguliwa.

"Nani kaniwekea petroli?"

Nikakaa chini palepale. Kaka alibaki amesimama.

"Mwanangu, imekuwaje hukuisikia?"

"Sisikii harufu, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua ya mwaka jana."

Mwaka mzima! Mwaka mzima anafungua matangi mbele ya watu, anafumba macho, anawadanganya mchana kweupe. Na mimi nimekaa pembeni nacheka.

"Nilijua itarudi," akasema. "Ningesema, nani angeniletea jiko tena?"

Mama hakupandisha sauti.

"Ulijua. Na bado ukanipa mimi nikawashe."

Kaka akajishika kichwa, akalia kwa sauti mbele yetu, na mimi, mdogo wake wa pekee, sikuinuka kumbembeleza.