Dripu Ambayo Fanesi Hakuifungua

Fanesi Chimombo alilelewa na bibi yake, mkunga wa kijiji upande wa pili wa Mlima Mulanje. Akiwa na miaka tisa alishajua kuchimba mizizi ya mwanamphepo, kuiosha na kuitwanga, na alijua kazi yake: kumharakisha mama ambaye uchungu wake unasuasua. Alipokuja kwetu, hospitali ya Namisongole, akiwa muuguzi mwenzetu, dawa ya kazi hiyo ilikuwa kwenye vichupa ndani ya friji, na hakuna aliyeiheshimu kama yeye. Hakufungua dripu kabla ya kuweka mkono juu ya tumbo na kuhesabu mikazo kwa dakika kumi kamili. Tulimtania kwamba anasali.

Asubuhi moja ya Machi tulikuwa na Tiyamike, mimba ya kwanza, uchungu wa kuja na kupotea tangu jana yake. Tabibu Nkhata alimpima, akaandika aanzishiwe dripu ya kuongeza uchungu, akaenda chumba cha upasuaji. Nilipokwisha kuitundika, Fanesi akaweka mkono tumboni. Mikazo saba. Saa moja kabla ilikuwa miwili.

"Usifungue," akaniambia.

Nikamkumbusha kwamba tabibu ameagiza. Fanesi aliokota kikombe cha uji kando ya kitanda, akakinusa, akatoka nacho hadi barazani kwa Bibi Nambewe, aliyemlea Tiyamike. Nilitegemea atamfokea, maana sisi wengine ndivyo tulivyozoea. Yeye akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, umetia vijiko vingapi?"

"Vya nini tena, mwanangu? Huo ni uji tu."

"Bibi yangu alikuwa akitia kimoja, na mimi ndiye niliyemtwangia. Niambie. Nikiongeza dawa yetu juu ya yako, mji wa mimba unaweza kupasuka."

Bibi Nambewe akaitazama mikono yake. "Vitatu," akasema. "Nimemwona anateseka mno."

Fanesi aliiondoa ile dripu, akaweka ya maji matupu, akamlaza Tiyamike kwa ubavu wa kushoto na kunituma kwa Nkhata. Akabaki akisikiliza moyo wa mtoto baada ya kila mkazo. Mara mbili ulipungua kasi, mara mbili ukarudi. Nkhata aliacha meza ya upasuaji ikiwa tayari, lakini kabla ya saa sita mtoto wa kike alizaliwa, akalia mwenyewe.

Mji wa mimba, uliokuwa umechoka, ukalegea, na damu ikaanza kutiririka. Hapo, mtoto akiwa ameshatoka, Fanesi hakusita hata kidogo. Alimchoma Tiyamike sindano ya dawa ile ile ya kwenye friji, akalisugua tumbo mpaka likawa gumu kama mpira. Damu ikakatika.

Jioni alimweleza Bibi Nambewe kwamba dawa zao ni za kazi moja, ila ya hospitali ina kipimo, tena dripu inaweza kufungwa ikizidi. Ya kwenye uji ikishamezwa haifungiki.

Tangu hapo, kila Alhamisi Fanesi huenda kwenye kibanda wanakokaa wasindikizaji wa wajawazito, akala nao nsima, ugali wetu, na kuuliza nani amempa nani nini. Wanamwambia. Nkhata ameliingiza swali hilo kwenye faili la kila mama. Siku moja nilimuuliza bibi mmoja kwa nini sisi wengine walitudanganya miaka yote.

"Nyinyi mlikuwa mnatutukana," akasema, akaendelea na tonge lake.