Mukono wa Kushoto na Mufuko wa Makala

Kabla ya duka langu la rangi na misumari, kabla ya nyumba ya matofali ya kuchoma, kabla bantu ba avenyu yetu hawajaanza kuniita "patro", yaani bosi, hata siku ambazo hawataki, nilikuwa muntu wa makala, huu mukaa wa kupikia. Nilisukuma kinga, baiskeli yangu, kutoka Kasungami nje ya muji mpaka hapa komini ya Kenya, mutaa wa muji wetu, si ile inchi, mifuko imesimama nyuma kama ukuta, mimi mwenyewe sionekani, ungesema ile kinga inatembea peke yake. Shule niliiacha mapema. Mwalimu alisema sina kichwa. Sawa, lakini shingo nilikuwa nayo, na ile shingo ndiyo ilinunua hii lupango, kiwanja chenye ukuta, ninamokaa na muke wangu na batoto. Hakunisaidia shemeki, hakunisaidia pasta, hakunisaidia muntu wa siasa. Nilijisaidia mwenyewe, tena nilijisaidia vizuri.

Kwa hiyo uelewe niliumia namna gani siku mufuko mumoja wa makala uliponishinda, tena mbele ya muke wangu.

Muuzaji alikuwa ameutua kwenye mulango wa lupango na kwenda zake. Mawingu yalikuwa yameshuka karibu na mabati.

"Baba batoto, mvua iko inakuja. Ingiza makala," muke wangu akasema.

"Hii?" nikamujibu. "Hii ni mutoto."

Nikainama, nikaukumbatia. Tumbo langu lilifika kwenye mufuko kabla ya mikono. Nikavuta pumzi, nikasema lile neno tulilokuwa tunasema kule Kasungami wakati wa kupakia, ambalo siwezi kuliandika hapa, nikanyanyua. Mufuko ukabaki chini. Kilichopanda ni kitu fulani ndani ya mugongo, na mimi nikabaki nimeinama, natazama udongo kama muntu aliyeangusha pete.

Muke wangu hakucheka. Angecheka ningesamehe. Aligeuza tu uso upande wa ukuta na kuita, "Jirani! We jirani!"

Jirani wetu ni fundi wa kujenga nyumba, hajaoa, amepanga chumba upande wa pili wa ukuta. Alikuja na muswaki mudomoni. Aliutupa ule mufuko begani, akaupeleka jikoni, akarudi, na muswaki hakuutoa. Ndipo akanitazama nilivyoinama, akaniita yaya, kaka mukubwa, kwa heshima.

"Yaya, pole ya mugongo."

Halafu muke wangu akamuzuia asiende na njaa, akamuwekea bukari, ugali wetu, na samaki. Mimi nilikula nimesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa hakuwezekani.

Tangu siku ile, "jirani" ikawa chombo cha nyumba yetu, kama nyundo. Kabati isogezwe: jirani. Pipa ya maji: jirani. Nikijaribu kushika upande wa kitu, muke wangu ananisukuma polepole. "Wacha tu, utaumia. Jirani ataikamata." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ananihurumia, na hiyo ndiyo ilinitoa usingizi. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia: makala ikifika kwenye mulango wangu, muke wangu aite mimi.

Kule katikati ya muji kuna nyumba ya mazoezi, yenye vioo na mashine. Nilienda kuitazama. Nikakuta bantu banakimbia juu ya mukanda unaozunguka, banatoka jasho, hawafiki popote, na mwisho wa mwezi banalipia. Wakati ule bidhaa zangu zilikuwa zimekwama kwenye mupaka na duka lilikuwa linakula badala ya kulisha. Nikamuambia yule kijana wa mapokezi, "Miye nilikimbia maisha yangu yote, na kila mara nilifika." Nikarudi nyumbani kutengeneza yangu.

Na niliitengeneza. Bomba ya maji iliyopinda niliifunga kwenye matawi ya muti wa avoka, ikawa ya kujivuta juu. (Muke wangu aliona ni kamba ya kuanika nguo. Nilijifunza kujivuta katikati ya mashuka.) Mipira ya ndani ya tairi za kinga niliikata, nikaifunga kwenye shina la muti, nikawa naivuta mpaka siku mumoja ulipokatika na kunichapa sikio. Lakini kazi kubwa ilikuwa uzito wa mikono. Dukani kulikuwa na makopo mawili ya rangi yaliyobonyea, hakuna mushitiri anayeyataka, na mufuko wa simenti uliopasuka. Nikachanganya simenti na kokoto, nikajaza kopo ya kwanza, nikachomeka chuma ya kujengea kama mushikio. Kwa kopo ya pili kokoto zilikuwa zimeisha. Nikaokota mawe meusi yaliyojaza mashimo ya njia mbele ya lupango, yale yanayotoka kwenye mulima wa takataka ya kiwanda, mabaki ya jiwe baada ya kupikwa na kutolewa shaba. Nikajaza. Kopo na kopo, ukubwa mumoja. Ya kokoto ilikuwa na rangi ya bluu, ikawa ya kulia. Ya mawe meusi ilikuwa nyekundu, ikawa ya kushoto.

Chakula nacho nilikipanga mwenyewe. Kuna bantu banakunywa unga wa kopo kubwa lenye picha ya muntu asiye na shingo. Mimi nilikula maharagi, karanga na finkubala, vile viwavi vya kukauka ambavyo mama yangu alinilisha, na shingo yangu mumeisha kusikia habari yake.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, nilikuwa chini ya muti. Na kila asubuhi niliona jambo lile lile: mukono wa kulia unapandisha kopo vizuri, wa kushoto unatetemeka. Nikasema, haya, huu ni muvivu, umezoea kukaa mufukoni wakati mwenzake anahesabu misumari. Nikaanza kuuazibu. Nikimaliza mikono yote miwili, wa kulia unapumuzika, wa kushoto unarudia. Tena unarudia. Nilikuwa nauambia maneno.

"Panda! Panda, muvivu! Mukula bure!"

Muke wangu akatoa kichwa jikoni. "Unatukana nani asubuhi hii?"

"Mukono."

"Mukono yako mwenyewe?"

"Ya kushoto."

Akafikiri kidogo. "Na ile ya kulia iko inasikia namna gani, ndugu yake akitukanwa vile?"

Nikashika kopo nyekundu tena. Muntu anayejijenga hajibu kila swali.

Miezi ikapita hivyo. Kisha muke wangu akapata arusi ya mudogo wake, na familia yote ikashonesha nguo za kitenge kimoja. Fundi wetu wa kushona ni muzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, muntu wa heshima, sindano zake hazijapata kudanganya muntu. Akanisimamisha kati ya mashine, mbele ya bamama waliokuwa wanangoja zamu.

"Baba, simama sawa."

"Nimesimama sawa."

"Hapana. Umeinama upande."

"Ni mawazo ya biashara," nikasema.

Akapima unene wa mukono wa kulia, akaandika kwa chaki juu ya meza. Akazunguka, akapima wa kushoto. Akatazama futi yake. Akaipangusa kwenye kanzu, akapima tena.

"Patro," akasema taratibu, "hii mukono ingine uliazima kwa nani?"

Bamama bakaangua kicheko. Mumoja akasema, "Iko anapampu maji ya avenyu yote na kushoto tu!" Mwingine akasema hapana, arusi ikifika niwekwe upande wa kulia wa picha, nusu tu ionekane.

"Kushona nitashona," fundi akasema, "lakini itakuwa mashati mbili. Upande huu yako, upande huu ya kaka yako mukubwa."

Niliondoka pale moja kwa moja mpaka dukani. Nikaweka kopo ya bluu kwenye mizani ya misumari, sindano ikaenda, ikasimama. Nikaweka nyekundu. Sindano ikapita pale, ikaendelea kama muntu ambaye hakusalimiwa. Lile jiwe jeusi! Ba kiwanda balisema bametoa shaba yote, lakini uzito baliuacha. Mukono wangu wa kushoto haukuwa muvivu hata siku moja. Ulikuwa unafanya kazi ya mukubwa na kutukanwa juu yake.

Muntu mwingine angeficha. Mimi niliita bajirani ba duka baje kushika. Kwa nini nione haya? Bila mwalimu, bila vioo, bila unga wa kopo, nilikuwa nimejenga mukono ambao fundi wa kushona hakuuamini. Kama nusu ya muntu imejengeka, njia ni nzuri. Kosa ni la jiwe. Nikabadilisha makopo siku ile ile: nyekundu ikaenda kulia.

Lakini makala haingoji. Ikafika kabla mukono wa kulia haujamukuta mwenzake, na ilifika na mvua juu yake, matone ya kwanza yakianza kupiga mabati. Muke wangu alikuwa ameisha kugeukia ukuta, mudomo wazi.

"Ji..."

"Mama batoto, acha."

"Na mugongo yako?"

"Iko sawa."

"Na huu mukono mudogo?"

"Huu utasindikiza."

Nikainama. Safari hii tumbo lilinipa nafasi. Mukono wa kushoto ukaingia chini ya mufuko, ukashika, na mufuko ukapanda. Ukapanda kweli! Ukakaa begani kushoto, na wa kulia ukaugusa tu kwa adabu. Nikaanza kutembea. Tatizo ni kwamba muzigo ulinivuta upande wake, na miguu ikaufuata. Nikapita mulango wa jikoni, nikazunguka muti wa avoka.

"Mulango iko huku!" muke wangu akapiga kelele.

"Najua! Nazunguka!"

Kichwa cha jirani kikatokea juu ya ukuta. "Yaya, nikuje?"

"Baki kule!"

Hapo nikatumia akili, kama dereva anayejua usukani wake umeharibika. Nikajiweka mbali, upande wa kulia, nikaelekea kwenye banda la kuku, na ule mupinde wenyewe ukanileta mpaka jikoni. Niliingia. Mufuko ulikuja umelala, ukakwama kwenye mulango, mimi ndani, bantu bote nje kwenye mvua. Nikaushika kwa kushoto, nikavuta. Ukaingia, pamoja na pazia na kipande cha fremu ya mulango.

Jirani akasema kutoka nje: "Yaya, kubeba umebeba. Lakini huu mulango itataka fundi."

Alikuja kuutengeneza kesho yake, kwa kazi yake ya haki, na tulikula meza moja. Nilimukatia samaki mwenyewe.

Makala ilipoisha na ingine kuletwa, ilikuwa Jumapili na nilikuwa naoga nyuma ya nyumba. Nikasikia kinga inasimama kwenye mulango wa lupango, mufuko unatua, na sauti ya muke wangu. Nikaacha kumwaga maji ili nisikie vizuri.

"Baba batoto! We muntu wa kushoto! Makala!"

Nilitoka mbio kama nilivyokuwa, na taulo. Mufuko niliubeba na kushoto. Taulo niliishika na kulia, na hakuna siku ule mukono ulipata kazi kubwa kama ile.