Mafuta ya Nazi Kwenye Bunduki

Wajukuu wangu kila wakija hapa nyumbani Sib macho yao yanakwenda ukutani, juu ya saa, kwenye ile bunduki. Haipigi tena, chuma chake cha ndani kilishatolewa zamani. Juzi mmoja kaniuliza, "Bibi, hili si dude la kuchezea?" Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Maana ukiitazama kweli ni kama dude la kuchezea. Nyembamba, fupi, na risasi zake zilikuwa ndogo, hata kokwa ya tende inazishinda unene. Kitako chake kimepigwa misumari ya shaba kama mlango wa Unguja, na pale pa kulengea pana senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Mie kila kitu kwenye bunduki ile nnakijua kilikotoka, kwa sababu nusu yake imetoka kwenye sanduku langu la harusi.

Tulikuja huku Arabuni mwaka ule wa mapinduzi ya Unguja, sitini na nne, mie na bwana wangu na mtoto mmoja mkononi. Tukapata vyumba viwili Matrah, nyuma ya soko. Yeye seremala, alizaliwa Unguja kama mie, lakini babake mtu wa huku. Kwa hivyo yeye akihisabu amerudi kwao. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea, akitaka kununua samaki anazungumza kama anatoa hotuba ya Ijumaa.

Ami yake, ndugu wa babake, alikuwa anakaa kijijini, bondeni huko nyuma ya Qurayyat. Kila Idi tulikwenda kwake, juu ya gari la mizigo, siku nzima unarukaruka mpaka meno yanakuuma. Na tulivyopokewa! Kahawa ikimiminwa, kikombe cha mwanzo cha bwana wangu. Nyama ikija, pande zuri lake. Wanaume wa kule wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanataniana, hapana aliyesalimika: huyu mkewe anampiga, huyu kaangushwa na punda mbele ya wakwe zake, yule kichwa chake kinang'ara kuliko taa. Lakini wakimgeukia bwana wangu, nyuso zinakuwa kama za msikitini. Tafadhali, karibu, umetuletea nuru.

Mie nikiona raha. Nikisema, watu wema hawa. Yeye njiani kurudi akinipa mgongo, akitazama vumbi la njia. Tulipokwenda mara ya pili ndiyo akanambia.

"Wananipa heshima ya mgeni," akasema. "Mgeni siku yake ya kuondoka inajulikana. Sisi tukiondoka hapa twende wapi?"

Nikampakata mtoto tu.

Maana kulikuwa na jambo lao kule. Idi mosi ni sala na nyama. Idi pili, asubuhi mapema, wanaume wa nyumba ile wanajipanga mstari kwa umri wao, kila mmoja na bunduki yake, wanaimba, wanakwenda taratibu mpaka bondeni. Wanaweka mfupa wa bega la mbuzi juu ya jiwe, na kila mtu anapewa mara tatu kuupiga. Wageni wanatandikiwa mkeka pembeni, wanatazama. Bwana wangu Idi mbili alikaa mkekani, na kikombe chake cha mwanzo mkononi. Babake angekuwa hai angesimama mstarini. Basi akaapa, Idi ya tatu mkekani hakai.

Bunduki kubwa walizokuwa nazo wale hatukuwa na uwezo nazo. Siku moja akaja nayo hii kutoka sokoni, imefungwa gunia. Aliipata kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu, kwa thamani ya mbuzi aliyekonda. Alipoifungua nikadhani kaokota fimbo ya mwavuli. Kutu tupu. Kitako kimepasuka, kimefungwa waya. Pale pa kulengea nyuma hapana kitu. Nikamwambia, "Mume wangu, hii ukiipiga utajiua mwenyewe." Akasema, "Wewe nipe khanga iliyochakaa na uniache."

Basi ikawa kila akirudi kazini, akishakula, anakaa mlangoni na bunduki yake. Vyuma akaviroweka mafuta ya taa siku tatu, chumba chote kinanuka, hata wali ukinuka. Akavisugua kwa majivu na nyuzi za mtende. Khanga yangu akaichana vitambaa vidogo vidogo, akafunga kimoja kwenye waya mrefu, anapitisha kwenye mtutu, kinatoka cheusi kama chungu. Kingine, cheusi. Kingine. Khanga nzima ilimalizika, khanga nliyoipenda ile, ya rangi ya zambarau, lakini siku kitambaa kilipotoka cheupe alinita nikaangalie ndani ya mtutu. Nikachungulia, naona duara la mwanga limesokotwasokotwa, kama ndani ya kombe la baharini. Na mie tangu siku ile nikaipenda, nsiseme uongo.

Kitako ndicho kilichoniumiza. Mbao za kule zilikuwa tabu kupatikana, na yeye anataka msaji, mbao ngumu ya masanduku. Akalitazama sanduku langu. Sanduku la mamangu lile, lilivunjika mfuniko melini, nimelikalisha pembeni nimelifunika kitambaa. Alilitazama tu siku nne nzima. Siku ya tano nikamwambia chukua mfuniko, na wewe macho yako yatulie. Akaunganisha mbao mbili kwa gundi, akachonga, akapiga msasa, akapaka nta ya nyuki. Ile misumari ya shaba ya sanduku akairudisha kwenye kitako, mmoja mmoja, safu mbili. Halafu akaitoa senti kumi mfukoni mwake, aliyokuja nayo kutoka Unguja, akaitia tupa kidogo kwa chini, akaisimamisha pale pa kulengea. Unachungulia kwenye tundu la senti. Akasema, "Sasa kwa hii naona mbali kupitia kwetu."

Akaijaribu nyuma ya milima, ikapiga. Akarudi anaimba. Alikuwa na kawaida moja: kile chuma kinachovutwa nyuma, komeo lake, akikitoa akikipaka mafuta ya cherahani yangu. Mafuta hayo tu. Kidogo, kwa unyoya wa kuku.

Basi Idi ya tatu ikafika, na ilikuwa ya wakati wa baridi. Tukenda. Idi mosi, baada ya chakula, yeye kakaa na wanaume. Mie nikaiona bunduki imeegemezwa ukutani, vumbi la safari limeijaa, na komeo lake limefungwa kitambaa. Nikasema leo mie nimfanyie, kesho aikute inang'ara. Mafuta ya cherahani nimeyasahau Matrah. Lakini nna chupa yangu ya mafuta ya nazi.

Sasa mtu wa Unguja anajua. Kwetu mafuta ya nazi unapaka nywele, unapaka mtoto, unapaka bawaba, kufuli, cherahani, mguu unaouma. Hapana kitu kilichoharibika kwa mafuta ya nazi. Nikalipaka komeo ndani na nje, nikalijaza kila tundu, nikafuta bunduki nzima mpaka misumari inacheka. Nikairudisha pale pale. Bwana wangu akaiona, akatabasamu, hakuuliza.

Asubuhi baridi ya bondeni ilikuwa ya kukata masikio. Wanaume wakajipanga. Bwana wangu akasimama mwisho wa mstari na bunduki yake ya misumari, na mtu hakumwambia simama wala hakumwambia kaa. Wakamwacha, kwa adabu. Ami yake kaongoza mbele. Sisi wanawake tukakaa penye ukuta wa shamba, mbali kidogo, na moto wetu na madele ya kahawa.

Wakapiga wote, mmoja mmoja. Ikafika zamu yake. Akalala kifua chini, akachungulia kwenye senti. Akavuta. Nikasikia tk. Basi, tk hiyo tu. Akatoa risasi, akaigeuza upande mwengine, maana zile hugongwa ukingoni, ukingo huu ukikataa unajaribu ule. Akavuta. Tk.

Na hapana mtu aliyecheka. Laiti wangecheka! Mmoja akasema risasi za siku hizi mbovu. Mwengine akasema baridi hii hata binaadamu hawaamki. Binami yake mmoja akamjia na bunduki yake mwenyewe, kubwa, ya fedha kwenye mtutu, akampa kwa mikono miwili: tafadhali, tumia hii, wewe ni mgeni wetu. Nilimwona bwana wangu mgongo wake. Akiipokea ile, mkeka ndio wake mpaka kufa. Hakuipokea. Akainuka, akakung'uta mchanga, akaanza kwenda taratibu upande wa mkeka.

Wakati ule ule mke wa ami, mwanamke mkubwa, mkali, mwenye sauti ya kuita ngamia, kamshika mwanangu anamchana nywele. Akanambia, lete mafuta. Nikatoa chupa yangu, nikaipindua. Hayatoki. Nikaitikisa. Nikaiangalia: nyeupe pepepe, yameganda kama samli.

Unguja mie sijapata kuona mafuta ya nazi yakaganda namna ile. Na hapo Matrah chupa yangu ilikuwa inakaa jikoni, karibu na moto. Nikaangalia chupa, nikaangalia bondeni, nikafahamu.

"Mama," nikamwambia, na Kiarabu changu cha kuokoteza, "mie nimeitia bunduki haya."

Akanitazama. "Umeitia bunduki mafuta ya kichwa?"

"Ndani na nje."

Nikangoja anitukane. Akamwacha mtoto nywele nusu, akainuka, akajitia mkono kiunoni, akenda mpaka kwa wanaume, na hapana mwanamke mwengine ambaye angethubutu. Akasema, na bonde zima likasikia:

"Mrudisheni huyo mtu! Bunduki yake haina ugonjwa. Mkewe kaipaka mafuta ya nazi, kaitia na kichwani, kadhani anaipeleka harusini."

Mie nimejifunika uso kwa buibui, natamani ardhi inifungukie. Halafu nikasikia sauti kama mtu anapaliwa. Nikachungulia. Ami, yule mzee asiyecheka, mabega yanamtikisika. Akakaa chini kabisa juu ya mawe, anajipiga mapaja. Wakaangua wote. Mmoja anasema isukeni nywele basi. Mwengine anasema ichemsheni na wali. Yule binami wa bunduki ya fedha anamuuliza bwana wangu, mkeo alikupaka na wewe, ndiyo maana umeganda? Na bwana wangu kasimama katikati, ananitafuta kwa macho upande wetu, na mie nikajua nimekwisha. Kisha naye akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

Mke wa ami akalichukua komeo, akaliweka juu ya mfuniko wa dele la kahawa, mafuta yakaanza kutiririka, akalifuta kwa ncha ya shela yake. "Haya," akamwambia, "nenda kabla haijapata mafua."

Akalala tena. Imebaki mara yake ya tatu. Ikalia, mlio mdogo, kama kuni imepasuka, na vumbi likaruka shibiri moja pembeni ya mfupa. Kakosa. Wakasema imepiga chafya. Hapo hapo ami akainuka, akawapanga mstari wa kurudi, akamwita.

"Wa nazi! Njoo usimame huku."

Binami akasema kwa mzaha kwamba hakupata shabaha. Mzee akamjibu, nami maneno yale nimeyaweka mpaka leo:

"Mgeni sisi hatumcheki. Huyu tumeshamcheka."

Wakarudi wanaimba, na yeye yumo, baina ya watoto wa ami yake, na senti yake inamulika jua.

Siku ya kuondoka, juu ya lile gari, nikamwomba radhi. Hakunisikiliza. Alikuwa na jambo lake, uso wote meno. "Unajua," akanambia, "jana nimemiminiwa kahawa mwisho kabisa. Imenifika baridi, na mashapo." Akarudia tena tulipofika Matrah, akamwambia jirani, na jirani hakufahamu furaha ya nini.

Toka mwaka ule hapana Idi tuliyokwenda wasimuulize, mwaka huu mkeo kaipaka nini? Shabaha alijifunza, mfupa akaupiga mara nyingi, lakini huo hawakuuzungumza. Walizungumza mafuta.

Sasa mjukuu wangu kaolewa, na mumewe anakuja hapa kila Ijumaa, kijana mzuri, ana adabu, anakaa kwenye ncha ya kiti. Kahawa mie namtilia yeye mwanzo. Simtanii, namwambia karibu, umetuletea nuru. Maskini hajui. Nangoja tu aharibu kitu.