Mama Makali na kisu kilichokatika ncha

Saa mbili asubuhi, Mama Makali ameketi kwenye kigoda uani kwake. Kando yake kuna beseni la maji. Magotini ametandika kipande cha zulia kuukuu, na juu yake kimelala kisu cha jikoni kilichokatika ncha. Mtu alikitumia kufungulia kopo.

"Angekuja mwenyewe huyo," anasema, "nimtwishe kopo lake arudi nalo kwao."

Mwenye kisu hacheki. Ni mpishi wa shule, na kisu hiki aliachiwa na marehemu mama yake. Chai aliyokaribishwa imeanza kupoa. Ana sababu ya kuwa na wasiwasi: miaka tisa iliyopita alileta kisu kingine hapa hapa, kikaharibiwa.

Mama Makali halifichi hilo. Wakati ule alitumia mashine ya kusagia chuma, mali ya kaka yake, fundi wa mageti. Cheche ziliruka, ncha ikatokea nzuri, lakini chuma kikageuka bluu. Chuma kikiungua hulegea. Kisu kile kilinolewa asubuhi, mchana kikawa butu.

"Angenitukana, ningesahau," anasema. "Yeye alininyamazia, akaacha kuja. Nikamrudishia kaka mashine yake."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mama huyu hakuishia kushtuka. Mwaka mzima alijifunza upya kwa tupa na jiwe, akivunja na kutengeneza visu vyake mwenyewe, hadi jikoni kwake kukawa hakuna kisu chenye urefu wake wa asili. Leo anapokea visu kama kumi na vitano kwa wiki. Kazi hiyo imesomesha binti zake wawili, na analisema hilo kidevu kikiwa juu.

Anachora kwa kalamu ya wino umbo la ncha mpya. Makali hayagusi. Anakwangua mgongo wa kisu kwa tupa, akiuteremsha kidogo kidogo uje ukutane na makali, ili makali ya zamani yabaki. Glavu havai. Kidole kikihisi joto, kisu kinazama kwenye beseni.

"Kidole changu ndicho kipimo," anasema. "Kikisema basi, ni basi."

Saa mbili zinapita hivyo. Mwishowe anakifuta kisu, anakipitisha juu ya nyanya mbivu bila kukandamiza, na kipande chembamba kinaanguka. Anamkabidhi mpishi, mpini ukitangulia.

Mpishi anakigeuza juani, anatafuta ile bluu. Haipo.

"Kimefupika," anasema taratibu. "Lakini mama yangu angekitambua, dada."

Mama Makali anajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Majirani wamemshauri mara nyingi atundike bango la kazi yake langoni, naye amekuwa akikataa. Angelitundikaje, anauliza, na mteja huyu alikuwa hajarudi? Sasa atamwita mchoraji.

Mpishi anafungua tena mkoba wake na kutoa kitu kilichofungwa kitambaani. Ni kile kisu cha kwanza, bluu yake ingali pale pale. Hakukitupa.

"Na hiki?"

Mama Makali anakipima kwa macho. Palipoungua patatoka pote, anamwambia; kitabaki kisu kidogo cha kumenyea viazi.

"Viazi vipo tele," anajibu mpishi, na sasa anakunywa chai yake.

Bango litasubiri, anasema Mama Makali huku akivuta beseni karibu. Kwanza amalize hiki.